Saintpaulia Tabora: mlishe kivuli, usimzamishe

Kama unataka ua la ndani lenye rangi na huna hata futi moja ya bustani, nakushauri Saintpaulia. Ni la kwetu hili. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani kule Usambara, alilipeleka kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu la Saintpaulia. Nyingi za aina zinazouzwa leo, nyeupe, waridi na zambarau, zina asili ya mimea hiyo ya Tanga na Usambara.

Mwituni hung'ang'ania miamba chini ya miti mikubwa, kwenye mboji kidogo iliyokwama ufani. Hewa ina unyevu, lakini maji hupita tu, hayatuami. Ukishika hilo, umemaliza nusu ya kazi.

Hapa Tabora joto silihofii sana. Ninachohofia ni hewa kavu ya Septemba na Oktoba, vitumba vinaponyauka kabla ya kuchanua. Mimi hujaza kokoto kwenye sahani, natia maji, kisha naweka kopo juu ya kokoto, kitako kisiguse maji. Dirisha la mashariki linatosha; jua la saa sita litababua majani.

Udongo wa shamba peke yake hushikamana ukaziba mizizi. Changanya mboji ya majani ya chini ya miembe (na miembe hatuna upungufu), mchanga wa chembe kubwa na mkaa uliopondwa. Kopo liwe dogo. Kunywesha, liweke kwenye beseni la maji yasiyo baridi kwa nusu saa, kisha litoe lichuruzike. Maua haya hufa zaidi kwa kuoza kitovu (pale katikati majani yanapochipukia) kuliko kwa kiu, nasisitiza hapo.

Nyingi kati ya zile zinazotambaa zina damu ya grotei, Saintpaulia ya mwituni ya misitu ya Amani kule Usambara; zipe kopo pana lisilo na kina na uache machipukizi yake. Zenye kitovu kimoja, yang'oe ya pembeni mapema, la sivyo maua yatapungua.

Kuzalisha ni rahisi: jani lenye kikonyo cha sentimita tatu hivi, lichomeke kimshazari, na baada ya miezi miwili au mitatu watoto huchomoza. Kwa hiyo omba jani kwa jirani. Tafadhali usiende kung'oa mwituni. Misitu ile imekatwa mno, na baadhi ya jamii zimebaki kwenye miamba michache tu.