Foleni ndefu si afya: maswali yenu kuhusu mitandao ya zahanati

Msomaji wa Likoni: Twasikia zahanati zetu "zimeunganishwa". Na nini?

Na hospitali iliyo jirani. Sheria ya Afya ya Msingi ya Kenya ya 2023 yataka zahanati, vituo vya afya na wahudumu wa mtaani wafanye kazi pamoja na hospitali moja iliyo kitovu chao. Vidonge vya presha uvipate karibu na nyumbani, na likizidi jambo upewe rufaa. Kwa mtu wa Likoni, kupunguziwa safari ya feri si jambo dogo.

Msomaji wa Kongowea: Muuguzi wetu ajisifu kuwa wagonjwa wameongezeka maradufu. Basi afya imeimarika?

Polepole, ndugu yangu. Huenda wamejaa kwa kuwa dawa zimefika, au duka la dawa la jirani limefungwa. Mimi huuliza hivi: katika watu mia walioandikwa daftari la presha Januari, wangapi wako chini ya 140/90 Disemba? Wala usihesabu waliorudi tu. Waliopotea wamehama, wameacha dawa, au wamefariki? Kliniki ikiwafuta, itang'ara kwa migongo ya wale ilioshindwa kuwashika. Hapo ndipo ripoti nyingi hunikera.

Tena kuna mtego. Aliyepimwa mara ya kwanza akakutwa na presha ya 190, pengine katoka kupanda ngazi mbio, mara ya pili huenda akashuka hata bila dawa. Kwa hivyo pimeni pia mtaa ambao haujaingia katika mtandao wa zahanati, kabla na baada.

Msomaji wa Changamwe: Tangu mhudumu aanze kutupima nyumbani, wenye sukari wamezidi. Tumeletewa maradhi?

La! Walikuwapo, hawajijui tu. Mwanzoni hesabu hupanda, na ni dalili njema. Kupungua kwa viharusi na miguu inayokatwa huchukua miaka. Kwa sasa tazameni HbA1c, kipimo kinachoonyesha sukari ya takriban miezi mitatu iliyopita. Hakihadaiki na mtu aliyeacha halua siku mbili kabla ya kliniki (nawajua, na mimi nimo).

Msomaji wa Mvita: Naweza kwenda hospitali kuu ya Makadara moja kwa moja?

Kwa dharura, nenda sasa hivi. Kwa vidonge vya mwezi, anzia zahanati. Ukipewa rufaa, hakikisha unarudi na barua ya daktari, ama muuguzi atakuandikia dawa ileile ya zamani, ambayo daktari amekwisha kuibadilisha.