Sisi ndugu, karatasi ya nini?

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Dada, tuko wanawake tisa, tunataka kuanzisha kikoba. Tuanzie wapi?" Nilicheka peke yangu kwenye basi, kicheko cha uchungu. Swali hilo kwangu ni kidonda.

Nilipohamia Glasgow, huku Scotland, tulikuwa na kikoba chetu, watu 12, wote wa nyumbani, mwenyekiti mimi. Siku ya kwanza binti mmoja alisema tuandike masharti. Mimi ndiye niliyemkata kauli: "Sisi ndugu bwana, karatasi ya nini?" Mwezi wa saba mweka hazina akasema pesa zimepata matatizo kidogo. Pauni 1,800! Matatizo gani, mpaka leo sijaambiwa. Macho yote yakanigeukia mimi. Kikoba kikafa, na harusi mbili zikapita bila hata kadi.

Sasa sikiliza nilikopata akili. Mfanyakazi mwenzangu alinichukua kwao Fenwick, kijiji kidogo kaskazini mwa Kilmarnock. Wenyewe hutamka "Fenik", hiyo w ni pambo tu. Zamani kilikuwa kijiji cha wafumaji. Mtu alifuma nyumbani kwake, chumba kimoja mtambo wa kufumia, kingine familia.

Tarehe 14 Machi 1761 wafumaji hao walikutana katika kanisa la kijiji wakatia saini mkataba. Waliahidi kuwa waaminifu wao kwa wao na kwa waliowapa kazi, kufuma kitambaa cha maana, na kutotoza bei ya juu wala ya chini kuliko iliyozoeleka vijiji jirani. Walichanga, wakakopeshana, wakasaidia wenye shida. Mwaka 1769 walinunua unga wa oti kwa jumla, gunia likaingizwa chumba cha mbele cha nyumba ya John Walker, wakauziana kwa bei nafuu. Watu wa ushirika duniani hupenda kuanzia historia yao kwenye duka la Rochdale, Uingereza, 1844. Gunia la Fenwick limewatangulia kwa miaka 75, nami huwakumbusha hilo hata wasioniuliza.

Kwa nini wafumaji waliingiza ubora wa kazi ndani ya mkataba wa pesa? Nilielewa siku nilipokwenda Kilbarchan, kijiji kingine cha wafumaji, kwenye nyumba ya mfumaji iliyojengwa 1723 ambayo sasa ni makumbusho. Mtambo uko chumba cha chini, chenye unyevunyevu, kwa sababu uzi ukikauka hukatika. Mama aliyekuwa akituonyesha alikuwa anapitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, kushoto kulia, kushoto kulia, uzi mmoja wa mtande, zile nyuzi ndefu zilizotandazwa kwenye mtambo, ukakatika. Mmoja kati ya mamia. Akasimamisha kazi yote, akainama, akautafuta kwa vidole, akaunga fundo dogo, ndipo akaendelea. Nikamkumbuka mweka hazina wetu. Mwezi wa tatu alichelewa kuleta daftari, nikaona, nikanyamaza.

Basi dada wa Morogoro, andikeni. Andikeni kabla ya shilingi ya kwanza. Anayeshika daftari asishike pesa. Daftari likichelewa siku moja, ulizeni siku hiyohiyo. Na andikeni! Sisi tuna ugonjwa wa kudhani karatasi ni matusi, kwamba ukimwambia mtu asaini umemwita mwizi. Wale wa Fenwick walikuwa majirani, wakisali kanisa moja, na bado walisaini. Wewe na shoga zako mna undugu gani kuwazidi?

Usidhani mkataba unazuia kila kitu. Mitambo ya viwandani ilipochukua kazi ya mkono, wengi walihama; mwaka 1839 waliunda hata chama cha kusaidiana kwenda ng'ambo. Chama cha wafumaji kilifungwa 1873. Lakini hesabu zao zipo, zimehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland. Zetu sisi ziliishia kwenye simu ya mtu aliyebadilisha namba.

Kikoba changu cha sasa kina watu 8 na mwaka wa nne huu hakijapoteza hata senti. Vikao vya kuandika katiba sivielezi, vilichosha. Katibu wetu ni yule binti niliyemkata kauli. Kila mwezi hunipa daftari mimi wa mwisho kusaini, na harudishi kalamu kwenye mkoba mpaka nisome ukurasa mzima kwa sauti.