Harne moja ku dali ya mita 3: pima kwanza kilicho chini yako

Mdogo yangu, umeuliza hivi: patroo amekununulia harne moja (mikaba ya kuvaa mwilini ili ukianguka ikudake) na lonji (kamba ya kujifunga) ya mita 2, munamwanga dali (sakafu ya betoni) ya kwanza kule Nguba, iko mita 3 kutoka chini, je kwa hiyo uko salama? Miye niko masoni (fundi wa kujenga) hapa Bukavu mwaka wa 17 huu, nakujibu bila kukuzungusha: hapana. Na hiyo harne inaweza kukuponza, sababu mutu akishaivaa anaanza kutembea pembeni ya dali kama yuko barabarani.

Tupige hesabu. Lonji yako mita 2. Ile pakiti ndogo ya kushonwa yenye iko ku lonji inapasuka pole pole ili mshtuko usikuvunje mugongo, ikipasuka yote inaweza kuongeza mpaka mita 1.75. Kutoka pete ya mugongoni mpaka ku miguu yako ni kama mita moja na nusu. Acha mita 1 ya akiba. Jumlisha, inafika mita 6.25 kuanzia pale umefunga. Sasa wee uko na mita 3 tu, na najua utafunga wapi, utafunga ku feri (vyuma) za koloni (nguzo za betoni) karibu na miguu, sababu pale kwa dali hakuna kitu ingine cha kufungia. Utafika chini mbele harne imalize kazi yake.

Hilo nililiona kwa macho yangu mu 2016, shantiye (mahali pa kujenga) ya Kadutu. Kijana mmoja edi-masoni (musaidizi wa masoni), harne mupya kabisa, amefunga ku feri, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, akateleza ku ubao. Harne haikukatika, lonji haikukatika, lakini visigino vyote viwili vilivunjika sababu miguu ilikuta mawe kwanza. Miye njo nilikuwa shefu siku ile, miye njo nilimwambia "funga pale". Mpaka leo anachechemea, na kila tukikutana roho inaniuma. Hesabu ile hakuna mutu alikuwa amenifundisha, njo maana nakuandikia ndefu hivi.

Tena hapa Bukavu hiyo mita 3 ni upande wa barabara tu. Nyumba zetu zinakaa ku mlima, mbele unaona etaje moja, ukizunguka nyuma unakuta mita 8 ao 9 mpaka ku matole (mabati) ya jirani. Batu banapima kwenye banaingilia. Wee zunguka nyuma na mita mukononi.

Sasa ufanye nini. Kwa dali ya chini hivyo, mbele ya harne omba gardefu (uzio wa kuzuia batu basianguke) pande zote: muti wa juu ufike kama mita 1 na kidogo, yaani sentimita 110, mwingine katikati, na ubao chini wa sentimita 15 ili matofali na nyundo zisiangukie batu ba chini. Gardefu haiulizi kama umekumbuka kufunga, inashika hata mwenye kusinzia. Lakini miti ya kaliptusi usiikubali ikiwa mbichi! Ikikauka inajikunja, misumari inalegea, na wiki tatu nyuma unaegemea kitu chenye kinaonekana nguvu na hakina. Kila asubuhi, zaidi sana nyuma ya mvua, tikisa kila nguzo kwa mukono mbele mutu apande.

Kama kuna kona yenye gardefu haiwezekani, pale njo harne, na ufunge juu ya kichwa, lonji ikiwa fupi kadiri unaweza, ku koloni yenye imeshakauka vizuri kwa kuizungusha mkanda. Si ku feri ya kusimama, kamba inaweza kupanda ikatokea kwa ncha. Si ku koloni ya juzi. Na ule mukaba wa kiunoni peke yake uuache, Marekani waliukataza kwa kazi ya kudaka mutu akianguka tangu 1998, unabana tumbo na mutu anaweza kuchomoka ndani.

Kitu cha mwisho chenye karibu kila shantiye inasahau: mutu akibakia ananing'inia mu harne, nani anamushusha? Damu inakwama ku miguu, dakika chache tu anaweza kuzimia, na mu vichochoro vyetu usitegemee gari yenye ngazi ndefu. Ngazi yenu wenyewe ikae pale, yenye kufika, na batu babili benye bamejifunza kumushusha. Kama hamna, musipande.

Kesho ukifika zunguka nyuma, pima, utuletee namba hapa, na utuambie koloni zilimwangwa siku gani.