Wiki mbili za mwanzo na kidonge cha sonona

Siku ya nne nilikwenda kupima malaria. Kichefuchefu, kichwa kinagonga, mikono inatetemeka hadi chai ikamwagikia kwenye kisosi. Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam, hali hiyo ina jina moja tu. Majibu yakatoka: hakuna wadudu. Nyumbani nako mama mkwe alishaniona siku mbili ninavyosukuma sahani ya samaki, akaniita pembeni anatabasamu: "Mwanangu, kuna habari njema?"

Haikuwa malaria wala mimba. Ilikuwa fluoksetini, miligramu 20, niliyoanzishiwa Jumatatu kwa ajili ya sonona.

Daktari alinieleza kwamba kutakuwa na maudhi madogo madogo. Nikaitikia, lakini mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi hashiki maneno. Nilitoka pale sikumbuki hata nusu. Ukienda, nenda na mtu wa kukusikilizia, au andika.

Ningependa mtu anishike mabega aniambie hivi: maudhi hutangulia, nafuu hufuata nyuma, tena kwa mwendo wa kobe. Tumbo huanza kulalamika siku ya kwanza au ya pili, ilhali moyo kuchangamka huchukua wiki mbili hadi nne, na kuna wanaofika sita au nane. Hapo katikati ndipo wengi wanapotupa dawa, na siwalaumu. Ugonjwa wako uko palepale, halafu umeongezewa mwingine. Hilo la tumbo lina sababu yake. Serotonini, kemikali inayoguswa na dawa hizi, sehemu kubwa iko kwenye utumbo, si kwenye ubongo. Wengi wetu utumbo huzoea ndani ya wiki moja au mbili.

Mimi niliacha kumeza tumbo likiwa tupu. Nakunywa uji kwanza, nameza kidonge, nakaa robo saa ndipo nitoke, maana daladala ya Mbagala asubuhi, kwapa la mtu liko usoni, haifai kwa mwenye kichefuchefu. Mkobani naweka kipande cha tangawizi na mfuko wa kaki (ya plastiki si ilipigwa marufuku 2019, na siku ya tatu niliujua umuhimu wake).

Usingizi nilijiharibia mwenyewe. Nilimeza usiku nikidhani nitalala nayo, nikakesha naikodolea macho feni. Fluoksetini huwachangamsha wengi, nikaambiwa nihamie asubuhi. Jirani yangu anatumia amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, yeye humeza usiku kwa sababu inamlaza kama gogo na kumkausha mdomo. Kwa hiyo usiazime ratiba ya mwenzio, kila dawa ina tabia zake. Yangu ilinipa pia miayo. Mwayo juu ya mwayo, kwenye kikao, bosi anaongea, na usingizi sina.

Kichwa kilipozidi nilienda duka la dawa, muuzaji akanitolea tramadoli. "Hii ndiyo ya nguvu, dada." Nilikuwa nishafungua pochi. Sijui nini kilinituma nimpigie kwanza nesi wa kliniki, akaniambia kwa sauti ya kunigombeza niirudishe: tramadoli ikikutana na fluoksetini, serotonini inaweza kupanda kupita kiasi, mtu akapata homa, misuli ikakakamaa, akachanganyikiwa. Nikanunua panadoli. Tangu siku hiyo, kabla ya kununua chochote nataja dawa ninayotumia, hata kama kuna foleni nyuma yangu inasikiliza.

Siku ya tisa ndiyo iliyonitisha. Nilishindwa kukaa. Si wasiwasi wa kawaida. Ni kama siafu wanatembea ndani ya miguu, nazunguka sebuleni usiku wa manane. Mume wangu, ambaye ndiye pekee niliyemwambia ukweli, alinirudisha kliniki asubuhi. Daktari alinipunguzia: siku moja nameza, siku moja naruka, kwa wiki moja. Kwa fluoksetini hilo linawezekana kwa kuwa hukaa mwilini siku nyingi. Usijipangie hivyo mwenyewe, na usiikate ghafla.

Hali hiyo ya kushindwa kutulia usiivumilie kama unavyovumilia kichefuchefu. Vivyo hivyo ukijikuta una nguvu za ajabu hulali na huchoki, au ukipata vipele mwili mzima. Na mawazo ya kujiua yakija au yakizidi, ni hospitali siku hiyo hiyo, usilale peke yako nayo. Kwa vijana waangalizi wawe macho zaidi: mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kwa watoto na vijana mwaka 2004, na 2007 ikalisogeza hadi miaka 24, hasa kwa wiki za mwanzo.

Kuna pia mambo ya chumbani. Hamu hupungua. Mwambie daktari, ameshayasikia.

Kilichonisaidia kuliko tangawizi ni daftari la shilingi mia tano. Kila usiku naandika: kichefuchefu saba kwa kumi, nimelala kwa saa tatu. Siku yenyewe huoni mabadiliko. Ukifungua kurasa za nyuma unakuta saba imekuwa nne, nne imekuwa moja.

Wiki ya tano konda alijifanya kasahau chenji yangu ya mia mbili. Miezi yote ile ningeshuka kimya. Siku hiyo nilimsimamia mlangoni, nikadai, abiria wakaniunga mkono, na katikati ya maneno makali nikapiga mwayo mkubwa hadi konda mwenyewe akacheka. Mia mbili yangu akanipa.