Mshipa kuzibuliwa siyo moyo kupona, msimpandishe mzee basi

Mkuu mleta uzi, hiyo tiketi ya Songea msikate. Umesema mzee kawekewa stenti (kibomba cha wavu kinachotanua mshipa wa moyo ulioziba) Jumatatu, leo anatembea uani na kucheka, na Jumamosi mnampandisha basi pale Mbezi akasimamie mavuno "kwa kuwa mshipa umeshazibuliwa". Kauli hiyohiyo ndiyo iliyomrudisha kaka yangu wodini.

Naye alitoka hospitali anajisikia mwepesi. Mtu mmoja wa zahanati ya jirani, kavaa koti jeupe, akatuambia kwa kujiamini kabisa: moyo ni kama bomba, uchafu ukitoka maji yanapita, mwacheni akatafute riziki. Kaka akarudi dukani Buguruni kubeba mifuko ya saruji. Haikupita muda, usiku akawa hawezi kulala chali, anakesha kwenye kochi akihema mdomo wazi. Ukimbonyeza kifundo cha mguu, kidole kinaacha shimo. Eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ikaonyesha upande wa kushoto wa moyo unasukuma kwa shida. Nikimkumbuka yule mtu na bomba lake, damu inanichemka mpaka leo. Kama hujui, sema hujui, mgonjwa aende kwa anayejua!

Moyo una kazi ambayo bomba halina. Akiba yake ya ATP, yaani nishati ya seli, inatosha mapigo machache tu, kwa hiyo inatengenezwa muda wote, zaidi kwa kuchoma mafuta, na lazima oksijeni iwepo. Damu ikikatika, seli zinabaki kuvunja sukari bila oksijeni: glukosi moja inatoa ATP 2 badala ya 30 hivi. Asidi inajaa, sodiamu inaingia ndani ya seli, kalsiamu inafuata. Watafiti Reimer na Jennings walionyesha mwaka 1977, kwa mbwa, kwamba kifo cha seli kinaanzia tabaka la ndani la msuli wa moyo na kusogea nje kadiri dakika zinavyokwenda.

Damu ikirudi ndugu tunashangilia, na ni haki, bila hiyo msuli wote ule unakufa. Ila oksijeni inayoingia kwa ghafla inazalisha kemikali zinazoharibu mitokondria, yaani viwanda vya nishati ndani ya seli, na ile kalsiamu inamalizia baadhi ya seli. Zilizonusurika nazo zina njaa: malighafi ya ATP ilishavunjika, na damu inaporudi inaisomba. Mbwa ambao msuli wa moyo ulinyimwa damu kwa dakika 15 tu walihitaji siku kadhaa kurudisha akiba hiyo. Mwaka 1982 wataalamu wa moyo Braunwald na Kloner walieleza msuli wa namna hii, uliopigwa bumbuwazi: uko hai, damu inapita, lakini haujikunji inavyotakiwa. Kurudi hali yake kunaweza kuchukua siku, hata wiki.

Sasa mzee wako ana siku ngapi tangu Jumatatu? Hakuna safari wala kubeba kitu kizito mpaka eko irudiwe na daktari wake wa moyo aruhusu, siyo jirani, siyo mjomba. Kutembea taratibu kama alivyoelekezwa, sawa. Klopidogreli na aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, asiache hata siku moja bila huyo daktari kusema. Stenti mpya ikiganda damu akiwa shambani, nani atamuwahi?

Eko ya mwisho alipimwa lini, na ilisoma moyo unasukuma nje asilimia ngapi ya damu kila pigo? Iweke hapa, na usiku wa leo muangalieni analalaje.