Jibu: Wakili ametumia ChatGPT kwa kesi yangu ya ploti, nimwamini?

Pole sana dada, kesi mbili alizotaja wakili kwa submishoni (hoja zake za maandishi kwa korti) na huzipati popote si kitu ndogo. Ingia Kenya Law, tovuti ya hukumu za korti za Kenya, ni bure, utafute majina na namba za hizo kesi. Zikikosa mwandikie leo, usipige simu tu, umuulize alizitoa wapi na azirekebishe kabla jaji hajazisoma, maana New York mwaka wa 2023 mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kesi ambazo ChatGPT ilibuni. Wangu pia hutumia AI lakini alinionyesha kila hukumu, nikabaki naye. Akikukwepa tafuta mwingine, ila usimwache kabla hujapata, tarehe ya korti isikupite. Na tafadhali usipakie taitoli yako huko ChatGPT.