Maswali ya Wasomaji: Pikipiki ya Cc 150 Kutoka Morogoro Hadi Livingstone

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninayo pikipiki aina ya Boxer ya cc 150 niliyoinunua kwa mtu miaka miwili iliyopita, na mwezi Julai ninakusudia kwenda nayo Livingstone, Zambia, kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Fundi wangu ananishauri nifungue injini yote, nibadilishe pistoni na ringi kabla ya safari, ingawa pikipiki haina tatizo ninalolifahamu. Je, ushauri huo ni sahihi? Na mpakani nitadaiwa karatasi gani, ikiwa kadi ya pikipiki bado ina jina la aliyeniuzia? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, injini nzima haifunguliwi kwa sababu ya safari. Ikishafunguliwa, pistoni na ringi mpya huhitaji kutembezwa taratibu kwa mamia ya kilomita hadi zizoeane na silinda, na kosa dogo la ufungaji, kama vile gasketi iliyokaa upande au nati iliyokazwa kupita kiasi, mara nyingi hujificha gereji na kujitokeza mtu akiwa mbali na kwao. Kabla hujakubali gharama hiyo, ipime injini kwa njia hii: isimamishe pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare, jaza oili hadi alama ya juu, kisha nenda Dodoma na urudi kwa mwendo wa kawaida, safari ya kilomita zipatazo 500, na upime tena injini ikiwa imepoa. Oili ikiwa imeshuka kwa kiasi cha kuonekana wazi, au moshi wa bluu ukitoka unapovuta mafuta baada ya kuteremka mlima, fundi wako ana hoja na injini ifunguliwe mapema, si wiki ya kuondoka. Oili ikibaki pale pale na injini ikawaka kwa kiki moja asubuhi, iache kama ilivyo na fedha hizo uzielekeze kwenye vitu vinavyowakwamisha wasafiri wengi zaidi, yaani cheni, matairi na breki.

Cheni ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko kitu kingine. Kutoka Morogoro hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 700, kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, hadi Lusaka ni takribani kilomita 1,000, na kutoka Lusaka hadi Livingstone karibu 480. Ukijumlisha na kurudi, cheni itazunguka zaidi ya kilomita 4,000 ikiwa na mzigo. Ishike kwa vidole nyuma kabisa ya sproketi kubwa na uivute kuelekea kwako: ikiinuka kiasi cha kuonyesha nusu ya jino au zaidi, imekwisha, na ibadilishwe pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu meno yaliyolika huila cheni mpya kwa muda mfupi sana. Unapoirekebisha, iwekee pikipiki mzigo wote wa safari na mtu aikalie, kwa kuwa shokapu za nyuma zikishuka cheni hukaza, na cheni iliyopimwa bila mzigo inaweza kukaza hadi ikaumiza beringi. Kisha tazama loki ya cheni. Kile kibanio kina upande uliofungwa na upande wenye mwanya. Upande uliofungwa ndio unaotangulia cheni inapozunguka kwenda mbele, na mwanya unafuata nyuma. Kikifungwa kinyume, chochote kitakachokigusa kinaweza kukichomoa, na cheni inayokatika katika mwendo wa kasi huweza kuvunja kasha la injini au kufunga gurudumu la nyuma.

Kuhusu matairi, usiangalie kashata, yaani meno ya tairi, peke yake. Ubavuni mwa tairi utaona tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa dukani miaka mingi hukakamaa na kupoteza mshiko hata kama ni mpya machoni. Zungusha kila gurudumu na ugonge spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyolegea hutoa sauti nzito tofauti na wenzake, na spoku chache zilizolegea chini ya mzigo hukatika moja baada ya nyingine. Breki za ngoma zifunguliwe, vumbi lisafishwe, na shuu zilizobaki nyembamba zitupwe. Utakapokwenda utaupanda mlima Kitonga, lakini utakaporudi utauteremka, na hapo ndipo breki zitakapopimwa: weka gia ya chini mapema ili injini ikusaidie kuzuia mwendo, maana anayening'inia kwenye breki mteremko mzima huzichemsha hadi zikakosa nguvu, huku malori yakiwa nyuma yake.

Oili ya injini ibadilishwe siku chache kabla ya kuondoka na tena ukiwa Livingstone kabla ya kugeuza. Chagua yenye maandishi JASO MA kwenye kopo, alama ya oili zinazofaa klachi za pikipiki. Klachi ya pikipiki hii huogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze. Iringa na Mbeya ziko juu sana, karibu na mita 1,600 hadi 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na pikipiki itapungua nguvu. Hilo ni la kawaida, wala usikubali mtu akuchezee kabureta njiani, kwani ukishuka itakuwa imeharibika mpangilio. Julai pia ni mwezi wa baridi kali maeneo ya Makambako na Mbeya, kwa hiyo glavu na koti la kuzuia upepo ni sehemu ya matengenezo ya safari, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki kwa wakati.

Matengenezo yote yakamilike wiki tatu kabla ya safari, halafu pikipiki iendelee kutumika kila siku ikiwa imefungwa keria na mzigo. Nati iliyosahauliwa, waya unaosuguliwa na keria au tyubu iliyobanwa na tairi, vyote hivyo vitajionyesha ukiwa bado Morogoro, karibu na fundi anayekufahamu. Huu ndio ushauri ninaouona kuwa na thamani kuliko mengine yote niliyokuandikia, na ndio unaopuuzwa zaidi, kwa kuwa wengi huichukua pikipiki gereji jioni na kuondoka alfajiri.

Sasa karatasi. Suala la jina ni zito kuliko unavyolichukulia. Kamilisha uhamisho wa umiliki TRA kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu afisa wa forodha anapoona chombo kina jina la mtu mwingine ana haki ya kushuku wizi. Barua ya mwenye mali iliyothibitishwa na wakili inaweza kusaidia, lakini ni ya dharura. Hakikisha pia namba za chesisi na injini zinafanana na za kwenye kadi. Pikipiki iliyowahi kubadilishwa injini bila kuandikishwa itakuletea usumbufu mkubwa. Kwenye kampuni iliyokukatia bima, omba Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mipaka ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango huo wa bima, na Zambia imo. Fahamu kwamba kadi hiyo inahusu madhara utakayowasababishia wengine. Pikipiki yako ikiharibika au ikiibwa, haikulipi. Pale Nakonde utapewa kibali cha kuingiza chombo kwa muda: kisome tarehe yake ya mwisho ukiwa bado dirishani, na ukirejeshe unapotoka, la sivyo kumbukumbu zitaonyesha kwamba pikipiki iliuzwa Zambia bila kulipiwa ushuru. Chanjo ya homa ya manjano uichome mapema, kwani cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 kinatambulika kwa maisha yote.

Jambo la mwisho kwako ni mafuta. Baada ya Nakonde miji iko mbalimbali, na kati ya Mpika na Serenje pekee kuna zaidi ya kilomita 200. Jaza tangi katika kila mji mkubwa hata kama limebaki nusu.

SWALI: Mimi na mwenzangu tunataka kwenda Kigali kwa pikipiki kupitia Rusumo. Kuna tofauti gani ya kujiandaa? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Tofauti kubwa ni upande wa barabara: Rwanda wanaendesha kulia. Hatari haiko sana pale mnapovuka mpaka, kwa kuwa hapo kila mtu yuko makini, bali asubuhi ya siku ya pili mnapotoka nyumba ya wageni kwenye barabara tupu, na kwenye mizunguko ya barabara, ambako magari huzunguka kinyume na mlivyozoea. Anayetangulia siku hiyo awe yule aliyelala vizuri. Kioo cha kushoto kikazwe na kusafishwa, maana anayewapita atatokea upande huo. Msifunge mizigo kwa mifuko ya plastiki: Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008, na kwetu tangu mwaka 2019, tumieni turubai au mfuko wa mpira. Barabara za huko zina milima na kona nyingi, hivyo niliyomweleza msomaji wa Morogoro kuhusu breki na gia ya chini yanawahusu pia.

SWALI: Nibebe vipuri gani bila kuigeuza pikipiki kuwa duka? Msomaji, Iringa.

JIBU: Beba vile ambavyo visipopatikana hutaweza kuendelea, na ambavyo wewe mwenyewe unaweza kuvifunga. Kwangu hivyo ni tyubu ya kila gurudumu, viraka na gundi isiyokauka, pampu ndogo, miiko miwili ya kutolea tairi, plagi, loki mbili za cheni, waya wa klachi na wa mafuta, fyuzi na balbu ya taa ya mbele. Spana ziwe zile tu zinazoingia kwenye nati za pikipiki yako. Vitu vizito vikae chini na karibu na katikati ya pikipiki, kwa sababu mzigo uliorundikwa nyuma ya keria huinua gurudumu la mbele na usukani huanza kucheza. Kisha, kabla ya safari, toa gurudumu la nyuma kwa zana hizo hizo, badilisha tyubu na ulirudishe bila msaada wa mtu. Spana itakayokosekana siku hiyo ndiyo ya kuongeza kwenye mfuko.